Umesajili muundo wako Kenya? Una miezi 6 ya kuupeleka nje

Tuseme wewe ni fundi pale Mbita, Homa Bay. Umebuni taa ya wavuvi wa omena yenye umbo ambalo hakuna aliyeliona popote. Oda zinaingia. Muda si muda, taa inapita Migori, inavuka Isebania na kuuzwa Tanzania. Je, mtu wa huko akiiga umbo lako, utamfanya nini?

Ukiwa na usajili wa Kenya pekee, huna la kumfanya. Usajili wa KIPI, shirika la serikali linalosajili miundo ya viwandani, unakulinda ndani ya Kenya tu. Lakini unakupa mlango: haki ya kipaumbele.

Haki hii inatokana na Mkataba wa Paris wa 1883, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zote ni wanachama. Inasema hivi: ukishawasilisha ombi lako la kwanza, una miezi 6 ya kuomba usajili nchi nyingine wanachama, na ombi hilo litahesabiwa kama lililetwa siku ile ya kwanza.

Kwa mfano, umewasilisha ombi KIPI tarehe 10 Machi. Mwezi wa Mei, mtu mwingine anaomba kusajili umbo kama lako Uganda. Wewe ukiomba Uganda kufikia tarehe 10 Septemba na udai kipaumbele, tarehe yako ya Machi inamtangulia. Ukichelewa, imekula kwako.

Fanya hivi:

1. Usianike picha WhatsApp au Facebook kabla ya kuwasilisha ombi. Nchi nyingi hudai muundo uwe mpya.

2. Hesabu miezi 6 kutoka siku ya ombi, si siku ya kupata cheti. Watu wengi hukosea hapa.

3. Kwenye ombi la nje, taja nchi, tarehe na nambari ya ombi la kwanza. Iombe KIPI nakala iliyothibitishwa mapema.

4. Unalenga Uganda na Tanzania pamoja? Unaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda lililoko Harare, kwa ombi moja linalotaja nchi zote mbili.

Kumbuka pia, usajili huu unalinda mwonekano: umbo, mistari, rangi. Jinsi taa inavyofanya kazi ni suala la hataza, ambayo kipaumbele chake ni miezi 12.

Na upande wetu wa malipo: ada za huduma za serikali ya Kenya hulipwa kupitia eCitizen, Paybill 222222. Akikuambia mtu utume ada kwa nambari yake binafsi "akusaidie kuharakisha", usitume. Pesa unaweza kuzitafuta tena, lakini ile miezi 6 ikipita bila ombi, hairudi. Weka ujumbe wa malipo, na uandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya simu yako leo.