Barabara Pana, Karani Mmoja

Katika kata ya Ruanda, wilayani Mbinga, Tanzania, ndiko uliko mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka, ulioanza kutoa makaa mwaka 2011, nayo makaa hayo husafirishwa kwa malori, mengine yakifikishwa hata bandari ya Mtwara. Mtu atakaye kujua ni tani ngapi zitokazo huko kwa siku hatatosheka kuupima upana wa barabara. Itambidi aulize kila lori hupakiwa kwa muda gani, hukaa muda gani juu ya mizani, na karani wa stakabadhi hutumia dakika ngapi kuandika hati moja kabla ya kuliruhusu lori kushika njia. Nimeanza na makaa kwa kuwa mafundi vijana wa elektroniki huniuliza swali lile lile mara kwa mara: bodi yangu ina tundu la Etheneti la gigabiti moja, mbona data ipitayo ni haba hivi? Nao wameupima upana wa barabara, wakamsahau karani.

Karani huyo, katika bodi hizo, ni prosesa laini. Prosesa ya simu au ya kompyuta imechongwa kiwandani na haibadiliki; prosesa laini ni maelezo yaliyoandikwa, yakapakiwa ndani ya chipu ya mantiki inayopangika upya, na chipu iliyokuwa tupu asubuhi ikawa prosesa adhuhuri. Nios II ya kampuni ya Altera, iliyotolewa mwaka 2004, na MicroBlaze iliyobuniwa na Xilinx ndizo zijulikanazo zaidi. Fadhila yake ni kwamba fundi huiumba kwa kadiri ya haja yake; walakini mwendo wake ni mdogo, aghalabu mapigo milioni 100 hadi 200 kwa sekunde, ilhali prosesa ya kompyuta ya mezani huvuka bilioni 3.

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu maneno haya ni dhana tu. Fremu kamili ya Etheneti huchukua shehena ya baiti 1,500, na ukijumlisha anwani, alama za mwanzo, tarakimu za uhakiki na nafasi tupu iachwayo kati ya fremu na fremu, inakalia wayani mahali pa baiti 1,538. Waya wa gigabiti moja, basi, hupitisha fremu zipatazo 81,274 kila sekunde, na prosesa ya mapigo milioni 100 inabakiwa na mapigo 1,230 hivi kwa kila fremu, yaani haipati hata pigo moja zima kwa kila baiti. Ndani ya fursa hiyo finyu inatakiwa ipokee, ihakiki, itambue shehena ni ya programu ipi, iikabidhi, kisha irudishe jibu kwamba imefika. Na fremu zikiwa ndogo kabisa, za baiti 64, zitakuja 1,488,095 kwa sekunde, na kila moja itapata mapigo 67.

Hapo ndipo siri yote ilipo: prosesa laini haina wasaa wa kugusa shehena. Programu iliyoandikwa bila hadhari huigusa mara tatu, kwanza kuitoa katika kipokezi na kuiweka katika kumbukumbu, pili kuisoma yote ili ijumlishe tarakimu za uhakiki, tatu kuinakili tena kwa mwenye kuihitaji. Na kumbukumbu iliyo nje ya chipu hukawia mapigo mengi kabla ya kujibu. Dawa ni kuajiri hamali, yaani saketi ya pembeni ihamishayo data bila kupitia kwa prosesa, na kujenga saketi nyingine ya kujumlisha uhakiki shehena ikiwa bado njiani. Lakini hamali huyu ana mtego wake. Huweka mzigo mpya ghalani, yaani katika kumbukumbu kuu, bila kumwambia karani, naye karani, akiwa na nakala ya zamani katika kumbukumbu yake ndogo ya karibu, husoma yaliyopitwa na wakati. Sharti programu iifute nakala hiyo kabla ya kusoma, na kabla ya kutuma imimine ghalani yale iliyoyaandika. Wako wanaouogopa mtego huu hata wakaizima kabisa kumbukumbu ya karibu, na mimi naona hilo ni kosa kubwa, kwa maana wanapoteza zaidi ya walichokiokoa.

Kupigiwa hodi, yaani prosesa kukatizwa kazi yake, kwa kila fremu nako kunachosha; ni afadhali fremu kadhaa zikusanyike, ndipo hodi moja ipigwe. Tena nimeona watu wakipima mwendo wa programu waliyoitafsiri kwa lugha ya mashine bila kuamuru iboreshwe, kisha wakailaumu chipu.

Mfano wa karani asiyegusa shehena kabisa uko mbali na migodi. Kule Karoo, Afrika Kusini, darubini ya redio ya MeerKAT yenye madishi 64 ilizinduliwa mwaka 2018, nayo ni mtangulizi wa mradi mkubwa wa darubini wa SKA. Bodi za MeerKAT ziitwazo SKARAB zina milango ya Etheneti ya gigabiti 40, na ndani yake mna MicroBlaze. Prosesa hiyo huomba anwani, hujiunga na makundi ya mtandao, hupokea amri. Data za nyota hazipiti kwake kamwe, bali hutiririka katika saketi zilizojengwa kwa kazi hiyo peke yake.

Na hata yote hayo yakitimia, umbali nao una ushuru wake. Mtumaji wa TCP, kanuni ya mtandao inayodai uthibitisho kwamba data imefika, hutuma kiasi alichoruhusiwa, kisha husimama kungoja jibu, kama meli ya Ziwa Nyasa itokayo Kyela, ambayo haiwezi kupakia shehena ya pili mpaka irejee kutoka Mbamba Bay. Programu ya mtandao ya lwIP, iliyoasisiwa na Msweden Adam Dunkels na inayotumika sana katika prosesa hizi, isiporekebishwa huruhusu baiti 2,144 tu. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa sehemu ya kumi ya sekunde, kinachopita ni kilobiti 171 kwa sekunde, ingawa waya ni wa gigabiti. Kiasi hicho huongezwa kwa kubadili tarakimu moja au mbili katika faili la mipangilio, maadamu bodi ina kumbukumbu ya kuihifadhi shehena ambayo jibu lake bado liko njiani.