Kioo Kipana na Mawe ya Rubaya na Bisie

Tangu Juni 2023, kampuni ya Apple ilipotoa kwa mara ya kwanza kompyuta mpakato nyepesi ya MacBook Air yenye kioo cha inchi 15.3, umbo lile lile limekuwa likirejeshwa sokoni likiwa na chipu mpya ndani yake: Machi 2024 ikatoka yenye chipu ya M3, Machi 2025 ikatoka yenye M4, na kila mara aliyenunua ya jana akaingiwa na wasiwasi kwamba amepitwa na wakati, ilhali zote tatu zikiwekwa mezani pamoja zitaonekana kuwa na uzito mmoja wa kilo moja na nusu, kioo kimoja, na betri moja yenye kuhifadhi wati-saa 66.5. Watengenezaji wa mashine za Windows nao hufuata mwendo huo huo, wala hakuna mwaka unaopita bila ya kutangaziwa kwamba kioo kipana kimepata mrithi.

Je, inafaa kubadili? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa ajili ya mtu akaaye mjini, mwenye umeme ukutani na fundi mtaa wa pili; lakini mimi naliuliza kwa ajili ya wilaya mbili za jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, Masisi na Walikale, ambako mwenye ofisi, mwalimu au muuguzi anayetaka kompyuta hana budi kupima kila dola na kila wati, na ambako, fauka ya hayo, ndiko yanakochimbwa mawe ambayo bila ya hayo kompyuta hizo zisingekuwa nyembamba kama zilivyo. Hesabu iliyofanywa huko inaonyesha bayana mambo ambayo hesabu ya mjini huyaficha.

Tuanze na kilichobadilika hasa. Ile ya 2023 ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 1,299 ikiwa na chipu ya M2 na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ile ya 2025 ikaanza kwa dola 1,199 ikiwa na gigabaiti 16, kamera bora ya megapikseli 12, na uwezo wa kuunganishwa na vioo viwili vya nje huku kifuniko chake kikiwa wazi. Haya si mambo ya kubezwa. Hata hivyo, mtu ambaye kazi yake ni kuandika barua, kutayarisha masomo, kupokea na kupeleka ripoti, hataona tafauti kati ya chipu ya M2 na ya M4 hata akikaa mbele yake mwaka mzima. Atakayeiona ni yule akataye filamu, achoraye ramani kutokana na picha za setilaiti, au afunguaye mafaili makubwa kumi kwa wakati mmoja. Nami nadhani wanunuzi wengi huangalia jina la chipu ilhali la kuangaliwa ni kumbukumbu, maana katika mashine hizi kumbukumbu imeungwa moja kwa moja na chipu kiwandani, na aliyenunua gigabaiti 8 atabaki nazo hizo hadi mwisho wa uhai wa mashine.

Ama kioo chenyewe, upana wake una manufaa ya kweli kwa watu maalumu. Kioo cha inchi 15.3 kikilinganishwa na kile cha inchi 13.6 kina eneo lililozidi kwa robo hivi, na robo hiyo ni rehema kwa karani wa zoni ya afya ambaye kila mwezi sharti aingize katika mfumo wa DHIS2, utumiwao na Kongo nzima, hesabu za kuhara, malaria, uzazi na chanjo kutoka kila zahanati iliyo chini yake, majedwali yenye safu nyingi hata akiyatazama kwa kioo kidogo huwa anasogeza kushoto na kulia mpaka akakosea mstari. Kosa la mstari mmoja katika jedwali la chanjo si jambo dogo. Mtu wa namna hiyo, pamoja na mhasibu na kila mtu ambaye macho yake yameanza kuchoka, akisema anahitaji kioo kikubwa, asidhaniwe kuwa anatafuta fahari.

Lakini kioo hula umeme, na hapa ndipo mambo yanapogeuka. Sehemu kubwa ya Masisi na Walikale haina waya wa umeme wa taifa. Watu hutegemea paneli za jua juu ya mabati, jenereta za petroli, au nyumba za kuchajia ambako mtu huacha simu yake asubuhi na kulipa kidogo. Chukua paneli moja ya wati 100: chini ya jua jema la ikweta itatoa kwa siku kama wati-saa 300 hadi 400, kisha betri na inveta zitakula sehemu yake, na siku za ukungu katika vilima vya Masisi au za mvua katika msitu wa Walikale pato hilo litashuka hata nusu au chini yake. Sasa weka mezani mashine kuukuu ya inchi 17, ya miaka kumi iliyopita, yenye chaja nzito ya wati 120, ambayo yamkini hunywa wati 40 katika kazi ya kawaida: saa sita za kazi zitamaliza wati-saa 240, yaani karibu mavuno yote ya paneli kwa siku njema. Mashine mpya ya kioo kipana, iliyotengenezwa kwa chipu zisizo na ulafi, hufanya kazi ile ile kwa wati 10 hivi, na saa sita zake ni wati-saa 60 tu. Kwa mwenye mashine ya zamani ya namna ile, kubadili si anasa hata kidogo, kwa kuwa atapata siku nne za kazi kwa umeme uliokuwa ukimpa siku moja, na huenda akaacha kununua petroli. Lakini mwenye ile ya 2023 akihamia ya 2025 hatapata faida yoyote ya kutajika upande huu, kwa sababu betri ni ile ile na saa za matumizi zilizotangazwa ni zile zile 18 za kutazama video. Faida hupatikana kwa kuruka vizazi vingi, haipatikani kwa kufuata kila kizazi.

Kisha kuna suala la njia na fundi. Mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa kundi la waasi la M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa na mabenki yakafunga milango, na biashara ikabaki kutegemea dola taslimu na pesa za simu. Bidhaa zilizokuwa zikishuka kwa ndege zikawa hazina budi kuzunguka. Katika hali hiyo, mashine ambayo hifadhi yake imeunganishwa ndani isiweze kutolewa, na ambayo ikiharibika hupelekwa kwa wakala wa kampuni katika mji wa mbali, ni hatari kubwa mno kwa ofisi ya Masisi. Aula zaidi ni zile kompyuta za maofisini za inchi 15, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, ziuzwazo mitumba, ambazo nyingi hufunguka kwa bisibisi: hifadhi yake hutolewa, betri yake hubadilishwa, na katika nyingi kumbukumbu huongezwa. Mnunuzi atazame pia kibodi, kwa kuwa mashine zinazopitia Dubai aghalabu huwa na mpangilio wa Kiingereza au wa Kiarabu, ilhali makarani wa Kongo wamezoea ule wa Kifaransa.

Kuna kishawishi kingine kilichowasukuma wengi kubadili, nacho ni tangazo la Microsoft la kukoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haikubali rasmi chipu za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, yaani kwa kukadiria zile za kabla ya mwaka 2018, na hivyo kompyuta nyingi zenye afya njema zilihukumiwa kuwa zimekufa. Hukumu hiyo haina insafu. Mashine ya 2016 ikibadilishiwa diski ya kuzunguka kwa hifadhi ya SSD, ikaongezewa kumbukumbu kutoka gigabaiti 4 hadi 8, ikawekewa mfumo huria wa Linux, itaandika, itahesabu na itafungua mtandao kwa miaka kadhaa mingine. Wasiofaa kufuata njia hii ni wale ambao kazi yao imefungwa na programu zisizopatikana ila kwa Windows, na hao wasilaumiwe wakinunua.

Nimesema kwamba mawe ya kompyuta hizi hutoka huko huko, na jambo hili lataka maelezo. Katika vilima vya Rubaya, wilayani Masisi, huchimbwa kwa koleo na mitaimbo jiwe jeusi zito liitwalo koltani, ambalo huoshwa kwa maji, hutiwa magunia, na mwishowe husafishwa katika viwanda vya ng'ambo ili kutolewa madini ya tantali. Unga wa tantali hushindiliwa na kuokwa mpaka ukawa kitu chenye matundu mengi kama sifongo, kisha juu ya kila ukuta wa matundu hayo huoteshwa ngozi nyembamba sana ya oksidi isiyopitisha umeme; kwa kuwa kuta hizo ni nyingi ajabu katika mwili mdogo, kapasita ya tantali, hata iwe ndogo kuliko punje ya mchele, huweza kushika umeme mwingi na kuutoa kwa utulivu pale chipu inapouhitaji. Mwishoni mwa mwaka 2000, viwanda vilipokuwa vikigombania tantali, bei yake ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache, na wakulima na wachungaji wa Masisi wakaacha mashamba na malisho wakaenda mashimoni. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka, na mashamba yakawa yameharibika.

Walikale nako, kwenye kilima cha Bisie katikati ya msitu, kuanzia mwaka 2002 hivi palichimbwa kasiteriti, jiwe la bati. Wabebaji walikuwa wakitwika magunia ya kilo 50 na kukata msitu kwa miguu mpaka Njingala, kisha mzigo ukapelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami na kuupeleka Goma. Bati hilo ndilo hutumika kuunga vipande vya kompyuta kwenye ubao wake. Zamani risasi ilikuwa zaidi ya theluthi ya mchanganyiko wa kuungia, lakini sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 ilipoipiga risasi marufuku katika vyombo vya umeme, bati likapanda kutoka kiasi cha asilimia 63 hadi zaidi ya 95. Sheria iliyokusudiwa kulinda afya za watu wa mbali ikaongeza haja ya jiwe la Bisie. Leo kampuni ya Alphamin inachimba huko kwa mitambo, na mwaka 2024 ilitoa tani 17,324 za bati, kiasi cha asilimia 6 ya bati lote la dunia. Machi 2025 ilisimamisha kazi M23 walipokaribia, mji wa Walikale ukatwaliwa, na Aprili, wapiganaji walipoondoka, kazi ikarejea.

Rubaya yenyewe ilitwaliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Septemba mwaka huo Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara ya madini ya Rubaya, panapokadiriwa kutoka zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya ulimwengu, inalipatia kundi hilo kama dola 300,000 kila mwezi. Desemba serikali ya Kongo ikapeleka mashtaka dhidi ya matawi ya Apple huko Ufaransa na Ubelgiji. Kampuni ikayakanusha, ikisema kwamba tayari ilikwisha kuwaagiza wauzaji wake wasinunue madini ya namna hiyo kutoka Kongo na Rwanda.

Msomaji mwenye huruma atasema: basi tususe. La, nami nasema hivyo nikikumbuka mwaka 2010, pale Marekani ilipopitisha Julai sheria ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya madini yao, na Septemba Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema mpaka Machi 2011. Wenye silaha hawakutoweka. Waliokosa karo na dawa ni wachimbaji na wake zao na watoto wao. Mtu wa Rubaya hahitaji jiwe lake likataliwe, ila lilipiwe kwa haki, na shimo lake liwekewe miti ya kuzuia udongo. Ninachokitaka kwa mnunuzi ni kwamba asichukulie kuwa ni jambo jepesi kuagiza jiwe lingine lichimbwe katika mazingira hayo kwa sababu tu ya kamera iliyo bora kidogo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mwenye MacBook Air ya 2023 au 2024, au mashine ya Windows ya miaka hiyo, abaki nayo, ila kama kumbukumbu ya gigabaiti 8 imekwisha kumzuia kazi. Mwenye jitu la inchi 17 linaloinywa paneli nzima abadili, na akibadili achukue iliyotoka mwaka uliotangulia, ambayo bei yake hushuka mrithi anapotangazwa. Na ile ya zamani isitiwe sandukuni, kwa kuwa ripoti ya mwaka 2011 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ilionyesha kwamba tantali inayorejeshwa kutoka katika vyombo vilivyokwisha kutumika haifiki hata asilimia moja, maana katika tanuri za kuyeyushia shaba hupotelea katika takataka. Ifutwe siri zake, itiwe betri mpya, ikabidhiwe shule au ofisi yenye umeme wa kutosha kuilisha, pamoja na chaja yake.