Mbegu Iotayo Usiku: Juma la Misioni na Matunda Yasiyoonekana

Wanafunzi wa vyuo vyetu vya theolojia, pamoja na vikundi vya uinjilisti vya sharika, hutumwa mara kwa mara kuhudumu kwa juma moja mahali pasipo na mchungaji. Hutembelea nyumba kwa nyumba, hufundisha watoto, huombea wagonjwa, na jioni huhubiri. Wakirudi, swali la kwanza waulizwalo ni hili: "Mmepata wangapi?" Swali hilo si baya, hata Matendo ya Mitume hutaja hesabu ya waliobatizwa siku ya Pentekoste. Lakini likiwa ndilo swali pekee, huleta hatari mbili. Aliyerudi mikono mitupu hudhani kwamba Mungu hakuwa pamoja naye. Na aogopaye kudhaniwa hivyo hushawishika kuongeza idadi katika taarifa yake. Basi yatupasa kuuliza imani yetu yafundisha nini juu ya maendeleo yasiyoonekana kwa macho.

Mfano ulio katika Marko 4:26–29 haupatikani katika Injili nyingine yoyote. Mtu hupanda mbegu, kisha hulala na kuamka, na mbegu huota bila yeye kujua jinsi inavyoota. Neno la Kiyunani litumikalo hapo ni automate, yaani ardhi huzaa "yenyewe", pasipo nguvu za mkulima. Katika mfano huu mkulima anazo kazi mbili, kupanda na kuvuna. Kati ya hizo mbili analala. Usingizi huo si uvivu bali ni tumaini, kwa maana afukuaye mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota huiua. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 5, lafundisha vivyo hivyo: kwa njia ya Neno na Sakramenti Roho Mtakatifu huumba imani mahali na wakati apendapo Mungu. Kwetu umebaki wajibu wa kuhubiri. Mahali na wakati si mali yetu.

Luther mwenyewe alikuwa na juma la namna hiyo. Mwezi Machi 1522 alirudi Wittenberg kutoka ngome ya Wartburg, akakuta mji umefadhaika: sanamu zimevunjwa na ibada imebadilishwa kwa haraka, bila kuwajali walio dhaifu katika imani. Tangu tarehe 9 hadi 16 alihubiri kila siku, mahubiri manane kwa jumla. Hakumlazimisha mtu. Alieleza kwamba matengenezo yote yalikuwa kazi ya Neno, nalo lilitenda hata alipokuwa amelala au akinywa bia pamoja na rafiki zake. Taratibu kadhaa za zamani zilirudishwa kwa muda, na utaratibu wake wa ibada kwa Kijerumani ulichapishwa 1526, miaka minne baadaye.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, Meru, ili kuanzisha kituo. Baada ya siku chache tu waliuawa usiku na wapiganaji wa Wameru na Waarusha. Jirani nao palikuwa na kambi ya askari wa Kijerumani, na wenyeji walikuwa na sababu ya kuwaogopa wageni wenye bunduki. Baadaye jeshi hilo lilirudi na kuwaadhibu watu kwa ukali. Kama taarifa ingaliandikwa mwisho wa juma lile, ingalitaja makaburi mawili na nchi iliyojaa uchungu. Lakini mwaka 1902 wamisionari wengine walianza kazi Nkoaranga. Leo ipo Dayosisi ya Meru ya KKKT, na Chuo cha Makumira kimesimama katika nchi iyo hiyo.

Tusiyasome mambo haya vibaya. Hatusemi kwamba kila huzuni lazima izae mavuno tutakayoyaona, wala kwamba adhabu ya jeshi iliandaa njia ya Injili. Twasema tu kwamba juma moja ni kipimo kifupi mno cha kazi ya Mungu.

Kutokana na hayo yafuata mambo matatu. Kwanza, taarifa na iwe ya kweli: iandike tulikwenda nyumba ngapi, tulifundisha nini, tuliulizwa maswali gani. "Hakuna aliyeomba ubatizo" ni sentensi halali katika taarifa ya Mkristo. Pili, kabla ya kuondoka tuwakabidhi waliosikia kwa mwinjilisti na wazee wa mtaa, kwa majina, maana asiyekuwapo wakati wa kuvuna anahitaji mvunaji mwingine. Tatu, tuendelee kuwaombea hata baada ya miezi mingi, maana maombi ni kazi ya mpandaji aliye mbali na shamba.

Mtumishi arudiye Jumapili bila tunda la kuonyesha hana sababu ya kuona haya, maadamu Neno limepandwa kwa uaminifu. Na alale kwa amani. Mwenye shamba hasinzii.