Kuezua paa la asbesto: kazi ya nani, na hufanywaje

Asbesto ni madini ya nyuzinyuzi ambayo kwa miongo mingi yalichanganywa na saruji kutengenezea vigae vya kupaulia, mabomba ya maji na mbao za dari. Nchini Tanzania paa za aina hii bado zimo kwenye shule, zahanati na nyumba za watumishi zilizojengwa zamani, na miji mikongwe ya mikoani kama Songea ndiko mahali pa kuzitarajia. Kigae chake ni cha kijivu, kizito, chenye migongo mipana na unene wa takriban milimita 6, wala hakishiki kutu. Hata hivyo macho hayatoshi kukitambua. Vigae vya saruji vilivyotengenezwa baadaye kwa nyuzi nyingine vinafanana nacho kabisa, na jibu la uhakika hutoka maabara, kipande kidogo kinapochunguzwa kwa hadubini.

Nyuzi za asbesto ni nyembamba mno kuliko unywele. Zikipeperuka hukaa hewani kwa saa nyingi, na zikivutwa hushuka hadi ndani ya mapafu na kubaki humo. Huleta asbestosisi, yaani makovu yanayokakamaza mapafu, pamoja na saratani ya mapafu na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Ugonjwa huchukua miaka 20 hadi 40, pengine zaidi, kujitokeza. Fundi aliyekata vigae hivyo bila kinga hurudi nyumbani mzima, kesho akaendelea na kazi, na hapo ndipo imani kwamba “havina shida” inapozaliwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu aina zote za asbesto kuwa chanzo cha saratani, na linakadiria kwamba vifo vinavyotokana na asbesto ya makazini vinazidi 200,000 kila mwaka duniani.

Wenye nyumba wengi, wakisikia hayo, hutaka paa liondoke wiki hiyohiyo. Haraka hiyo ndiyo yenye madhara. Kigae kisichopasuka kimezifunga nyuzi ndani ya saruji, na kinachozifungua ni kukata, kutoboa, kupiga msasa, kusugua ukuvu kwa brashi ya waya au kuvunja kwa nyundo. Paa zima linaweza kuachwa, likapakwa rangi na kukaguliwa mara kwa mara. Kuezua kunafaa pale vigae vinapopasuka au kumung’unyika kingoni, nyumba inapoongezwa au kubomolewa, au mwenye nyumba anapotaka kufunga paneli za sola, kwa kuwa hizo hazifungwi bila kutoboa. Kuhusu maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa hilo, hofu ni kubwa kuliko ushahidi: Shirika hilohilo halijaona ushahidi thabiti kwamba nyuzi zinazonywewa zina madhara kama zinazovutwa. Tope linalokaukia kwenye gata ndilo la kuogopwa, kwa sababu siku ya kusafisha hugeuka vumbi.

Kazi yenyewe inagusa sheria mbili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inahusu usalama wa wanaopanda juu ya paa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahusu kinachoshushwa, maana asbesto ni taka hatarishi, na maombi ya kibali cha kuikusanya, kuisafirisha na kuitupa hupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Mtaalamu wa kweli huonyesha nyaraka hizo bila kusukumwa. Anayetaja bei kabla ya kupanda ngazi na kuangalia kenchi, au asiyeweza kusema vigae vitaishia wapi, hafai kupewa kazi, hata awe fundi hodari wa kupaua. Ikibidi kampuni itoke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, gharama ya safari hupungua majirani au taasisi zenye paa kama hizo zikiagiza kazi pamoja.

Siku ya kazi, watu na mifugo huondolewa, madirisha hufungwa na ardhi hutandikwa plastiki nene. Wafanyakazi huvaa ovaroli za kutupwa na barakoa zenye kichujio cha daraja la P3; ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizi. Vigae hulowanishwa kwa maji yenye sabuni, yakinyunyizwa taratibu, kamwe si kwa pampu ya shinikizo. Boliti hufunguliwa au kukatwa bila kugusa kigae, kisha kila kigae hushushwa kizima, kwa mikono. Kutupa kutoka juu ni marufuku, na grenda haina nafasi. Songea kiangazi huja na upepo, hivyo kuanza alfajiri kabla haujaamka ni busara.

Vigae hufungwa kwa tabaka mbili za plastiki, huandikwa tahadhari, kisha hupelekwa mahali palipoidhinishwa na kufukiwa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Vigae vizuri huombwa na jirani wa kuezekea jiko au banda la kuku, na vilivyovunjika hujazia mashimo ya barabara, ambako magari huvisaga kila siku. Kuvichoma hakusaidii: nyuzi hustahimili moto wa kawaida, na kigae chenye unyevu hupasuka kwa kishindo kikipata joto kali. Msumbiji, ng’ambo ya Mto Ruvuma, ilipiga marufuku asbesto mwaka 2010, kwa hiyo kuvivusha huko si njia ya kuvikwepa.

Kabla ya bati jipya kupigwa, papi, kenchi na sehemu ya juu ya dari hupanguswa kwa vitambaa vyenye maji au kufyonzwa kwa mashine yenye kichujio maalumu. Ufagio hautumiki. Upimaji wa hewa ufanywe na mtu asiye mwajiriwa wa kampuni iliyoezua, na malipo ya mwisho yasubiri majibu yake pamoja na hati inayoonyesha mahali taka zilipofukiwa.