Daktari, andika vizuri: Kidonda kilichomzuia mzee kwenda nyumbani

Mzee alikuwa amepata nafuu. Koti amevaa, kofia iko kichwani, bahasha ya dawa ameikumbatia. Binti yake alikuwa ameshaita teksi. Lakini hakutoka. Bima ilikuwa imerudisha bili yake, na mtu aliyekuwa kwenye hiyo kompyuta ni mimi.

Wacha nianze mwanzo. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea uhasibu, karo ilipokataa kupatikana. Baada ya kutarmac miezi kadhaa, nikapata kibarua katika hospitali ndogo ya kibinafsi hapa Eastlands, Nairobi. Kazi ilikuwa kuingiza madai ya bima. Siku ya kwanza bosi akaniambia kila ugonjwa una "kodi" yake. Nikajiuliza, kwani wagonjwa ni wapangaji? Kumbe alimaanisha msimbo.

Iko hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lina orodha ya magonjwa inayoitwa ICD. Toleo la sasa, ICD-11, lilianza kutumika rasmi Januari 2022 na lina misimbo karibu 17,000. Malaria ya falciparum ni 1F40. Malaria ambayo haijathibitishwa maabara ni 1F45. Homa ya matumbo ni 1A07. Bima haimwoni mgonjwa, haioni kidonda. Inaona msimbo tu, na kwa huo msimbo inaamua kama italipa au la.

Sasa turudi kwa mzee. Alikaa wodini siku nyingi na mguu uliooza kwa sababu ya kisukari. Daktari, kwa ile haraka yetu, aliandika maneno mawili tu: "kidonda mguuni". Mimi nikatafuta kidonda, nikachagua msimbo wa mtu aliyejikata, nikabonyeza. Jibu likarudi: kwa nini mtu aliyejikata alale siku zote hizo? Madai yakakataliwa. Familia ikaambiwa ilipe yenyewe. Jioni hiyo hiyo wakafungua kikundi cha WhatsApp cha kuchanga.

Siku ya pili nilimfuata daktari nikiwa na faili. Akaisoma, akashika kichwa. Akaandika upya: kidonda cha mguu kutokana na kisukari aina ya pili, chenye maambukizi. Hiyo ni BD54, inaunganishwa na 5A11. Kazi ya dakika nne. Mzee alienda nyumbani kesho yake. Siku mbili za maisha yake zilipotea hivyo tu, na hakuna aliyemwomba msamaha. Hata mimi sikumwomba.

Swali lililoninyima usingizi ni hili: mimi, niliyeacha uhasibu njiani, nilikuwa nafanya nini nikiamua mzee anaugua nini?

Ukweli ni kwamba daktari husoma miaka sita ajifunze kutibu. Misimbo wanafundishwa maafisa wa rekodi za afya, wale wanaosomea KMTC na kwingineko. Hospitali nyingi ndogo hazina hata mmoja, kwa hivyo kazi inaangukia vijana kama mimi. Nao madaktari na maafisa wa kliniki wanaona ni mambo ya karani.

Baada ya kisa cha mzee, bosi alimleta afisa wa rekodi mwenye uzoefu. Kila Jumatano saa saba, dakika thelathini, madaktari wakila chapati huku wakipitia faili halisi zilizofichwa majina. Hakuwafundisha kukariri misimbo. Aliwafundisha kuandika.

Kwanza, andika kamili. "Kisukari" haitoshi, ni aina gani, na kimeharibu nini? Ni mguu, ni figo, ni macho?

Pili, kama huna uhakika, usijifanye unao. Mgonjwa ana homa na vipimo havijatoka? Andika homa. Ina msimbo wake, MG26. Tukiita kila homa malaria, takwimu za kaunti zitaonyesha malaria mahali hakuna, na dawa zitapelekwa kusikofaa.

Tatu, msimbo lazima ufanane na faili. Ukisema nimonia, matokeo ya uchunguzi yawepo.

Daktari mmoja aliuliza kwa utani, "Kwa hivyo tunafunzwa kukamua SHA?" Watu wakacheka, lakini mwalimu hakucheka. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Katika viwango vilivyotangazwa, kujifungua kwa njia ya kawaida ni Sh10,000, kwa upasuaji ni Sh30,000. Anayebadilisha msimbo mmoja anavuna Sh20,000 za wizi. Isitoshe, huyo mama sasa ana rekodi ya kovu asilokuwa nalo. Akirudi na mimba nyingine, daktari atampangia kuzaa akiamini alishapasuliwa. Uwongo wa bili unageuka kuwa uwongo wa matibabu.

Madai bado hurudi, sitakudanganya. Lakini sasa daktari hushuka mwenyewe kuuliza kwa nini, na mimi sichagui tena ugonjwa wa mtu kwa kubahatisha. Nisipoelewa, faili inapanda juu.

Kwa comrade anayesomea udaktari: kalamu yako ni sehemu ya matibabu. Na wewe ukimpeleka shosh hospitalini, kabla ya kutoka omba kusoma kile kilichoandikwa kuwa ndicho ugonjwa wake. Usipoelewa, uliza. Hiyo ni haki yake, na haigharimu hata shilingi.

Yule mzee nilikutana naye tena alipokuja kufungwa bandeji. Safari hii nilimwomba msamaha. Akanitazama, akacheka, akasema, "Kijana, mimi nilidhani ni stima imepotea."