Je, Wajua? Star Wars: Zipi Zinasimama, Zipi Zinayumba

Je, wajua kwamba filamu ya kwanza ya Star Wars, iliyotoka Mei 1977, iliokolewa kwenye chumba cha uhariri? Mkato wa awali ulikuwa mzito na wa kuchosha, na George Lucas akaachana na mhariri aliyeutengeneza. Kazi ikaangukia kwa Paul Hirsch, Richard Chew na Marcia Lucas, mke wa George wakati huo. Wote watatu wakapata Oscar. George aliteuliwa kwa uongozaji na uandishi, akatoka mikono mitupu. Ukifuatilia mfululizo mzima utaona jambo hilohilo: filamu zinazosimama imara ni zile ambazo mwenye hadithi alikuwa na watu wa kumwambia hapana.

Hata yale maandishi ya manjano yanayopanda juu mwanzoni yalinyooshwa na mwongozaji mwenzake Lucas, Brian De Palma, aliyeona kwamba yalikuwa marefu na yanatatanisha.

Ule mlio wa kutisha wa ndege za kivita za Dola, upande wa maadui, nao una asili yake: fundi wa sauti Ben Burtt alichanganya mlio wa tembo na sauti ya gari linalopita kwenye lami iliyolowa. Pumzi ya Darth Vader, adui mkuu, aliirekodi kwa kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Udhaifu wa filamu hiyo ya 1977 ni mazungumzo yake makavu, lakini masikio hayachoki kuisikiliza.

Je, wajua kwamba The Empire Strikes Back (1980), ambayo mashabiki wengi huiweka juu ya zote, haikuongozwa na Lucas? Iliongozwa na Irvin Kershner. Rasimu ya kwanza iliandikwa na Leigh Brackett, aliyefariki Machi 1978, kisha Lawrence Kasdan akaimalizia. Ili siri kwamba Vader ndiye baba wa Luke, shujaa wa hadithi, isivuje, mwigizaji aliyevaa vazi la Vader, David Prowse, alipewa maneno ya uongo ayaseme mbele ya kamera. Ukweli ulitiwa baadaye kwa sauti ya James Earl Jones. Baadhi ya wahakiki wa wakati huo walilalamika kwamba filamu haina mwisho. Ni kweli haina, na kwangu huo ndio ujasiri wake: mashujaa wanashindwa, na mtazamaji anarudi nyumbani na kidonda.

Return of the Jedi (1983) ina zawadi kwa Afrika Mashariki. Nien Nunb, rubani msaidizi anayeketi kando ya rubani Lando katika shambulio la mwisho, alipewa sauti na Mkenya Kipsang Rotich, na baadhi ya maneno yake ni Kikuyu. Wasemaji wa lugha hiyo hawakuhitaji tafsiri. Filamu yenyewe inayumba katikati, kwenye msitu wa vijidubu Ewok, lakini mapambano ya mwisho kati ya baba na mwana hayajapata mfano katika mfululizo huu.

Kisha miaka 16 ya kungoja. The Phantom Menace (1999) Lucas aliiandika na kuiongoza mwenyewe, na inaonekana tangu mwanzo: hadithi ya vita vya nyota inafunguliwa kwa mgogoro wa kodi ya biashara! Hata hivyo, pambano na Darth Maul, likisindikizwa na kwaya ya John Williams inayoimba kwa Kisanskriti, ni kazi ya hali ya juu. Lawama zikamwangukia Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks. Miaka mingi baadaye alieleza hadharani kwamba zilimfikisha karibu na kujiua. Kasoro ya mwandishi asibebeshwe mwigizaji.

Attack of the Clones (2002) ilikuwa miongoni mwa filamu kubwa za kwanza kupigwa zote kwa kamera za dijitali. Mapenzi yake hayana joto. Revenge of the Sith (2005) inaipita kwa mbali.

Mwaka 2012 kampuni ya Disney ilinunua Lucasfilm kwa takriban dola bilioni 4. The Force Awakens (2015) ikavuka mapato ya dola bilioni 2, ingawa mifupa yake ni ileile ya 1977. Ndani yake yumo Lupita Nyong'o, akiwa Maz Kanata. Alikuwa ameshapata Oscar, lakini uso wake hauonekani hata mara moja. Na mwendelezo wake ukampa kipande kifupi tu. Ni hasara kubwa kwa kipaji kama hicho.

Je, wajua kwamba The Rise of Skywalker (2019) inaanza kwa kutaja ujumbe wa Mfalme Palpatine, mtawala wa ile Dola, ambao mtazamaji hausikii kamwe? Ujumbe huo ulirushwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite. Filamu tatu za mwisho za hadithi kuu, zilizoanza na ile ya 2015, zilikosa ramani moja, na hapa ndipo zilipoanguka.

Nje ya hadithi kuu, Rogue One (2016) ilikua kutoka kwenye sentensi chache za yale maandishi ya manjano ya 1977, na mashujaa wake wakuu wote wanakufa. Wahusika wake hawajachorwa kwa kina, lakini hakuna filamu nyingine ya mfululizo inayokufanya uhisi vita vinagharimu nini.

Kama hujaanza, anza na ya 1977, endelea na ya 1980, kisha Rogue One. Hizo tatu zinatosha kukuonyesha kwa nini watu bado wanabishana.