Tundu dogo lisikudanganye: Jeli inavyofichua kazi ya risasi mwilini

MADA ya bunduki ikizuka steji ya boda pale Kitale, ama kwa kinyozi mjini Bungoma, mtaalamu hakosi. Atakuambia bunduki kubwa ndiyo ya kuogopwa, risasi ndogo “hukwaruza tu”. Mwingine ataangalia jeraha lenyewe: tundu likiwa dogo kama mdomo wa kalamu, basi jamaa ana bahati, afungwe kitambaa aende akalale.

Wasee, hiyo imani inaweza kuua. Na huku kwetu si stori za sinema. Watu wa Cheptais na Kopsiro bado wanakumbuka vita vya Mlima Elgon, kuanzia 2006 hadi jeshi lilipoingia na Operesheni Okoa Maisha Machi 2008. Trans Nzoia nayo imepakana na Pokot Magharibi, ambako wizi wa mifugo umeacha makaburi mengi. Halafu kuna Rex Masai, kijana aliyepigwa risasi jijini Nairobi wakati wa maandamano ya Juni 20, 2024. Alipigwa pajani, si kifuani wala kichwani. Alivuja damu hadi akafa.

Sasa, tundu dogo linaficha nini? Wanasayansi walipata jibu kwa kupiga risasi kwenye jeli.

Supu iliyolala

Unajua supu ya miguu ya ng’ombe ikilala usiku? Asubuhi, na baridi ya Kitale, unaikuta imeganda, inatetemeka kwenye sufuria. Kinachoigandisha ni jelatini, inayotoka kwenye ngozi, mifupa na kano za mnyama. Maabara hutumia kitu hicho hicho, ila kwa vipimo: unga wa jelatini asilimia 10, maji asilimia 90, na jeli ihifadhiwe kwenye nyuzijoto 4.

Kabla ya kuanza, jeli hupimwa kwa kagololi ka chuma ka milimita 4.5 kanakorushwa kwa kasi ya mita 180 hivi kwa sekunde. Kakizama sentimita 8.5 hivi, jeli iko sawa. Imekaribia ugumu wa msuli.

Aliyeifanya mbinu hii ijulikane sana ni Martin Fackler, daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani, miaka ya 1980. Uzuri wa jeli ni kwamba unaona ndani. Risasi ikipita, jeli hufura kama puto kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hurudi. Kinachobaki ni njia ya kudumu, na nyufa pembeni.

Upana sawa, nguvu mbali

Hapa ndipo mtaalamu wa steji anaposhindwa. Chukua risasi ya .22, ile ndogo inayotumika kuwinda sungura na kulenga shabaha. Upana wake ni kama milimita 5.7. Risasi ya bunduki za kijeshi za 5.56, kama M16, ina upana huo huo! Ukiyaona matundu mawili kwenye ngozi huenda usiyatofautishe.

Lakini ya .22 ina gramu 2.6 hivi na huenda mita 330 hivi kwa sekunde. Ya 5.56 ina gramu 4 hivi na hupita mita 900 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, ya pili imebeba nishati zaidi ya mara kumi. Kwenye jeli, baada ya sentimita chache hupinduka, ikaenda kwa ubavu, na ikipigwa kwa karibu huvunjika vipande. Kila kipande kinachimba njia yake.

Ya AK-47 nayo ina maajabu yake. Fackler alionyesha kwamba ile ya Kirusi ya kawaida huenda moja kwa moja karibu sentimita 25 kabla ya kupinduka. Ndiyo maana mtu anaweza kupigwa mkononi na kubaki na matundu mawili madogo, huku mwingine aliyepigwa tumboni akawa ameharibika vibaya ndani. Bunduki ni moja, matokeo tofauti.

Na ile .22 ya “kukwaruza”? Kwenye jeli mara nyingi hufika sentimita 30 hivi. Kifua cha mtu mzima, mbele hadi nyuma, hakifiki hapo. Kwa hivyo moyo inaufikia, mapafu inayafikia.

Jeli haina mfupa

Jeli pia haisemi yote. Haina mfupa, mshipa wala mapafu. Mwilini risasi inaweza kugonga mfupa ikabadili njia, ikaingia begani ikaishia tumboni. Inaweza pia kumpita mtu mmoja ikampata mwingine. Machi 2014, kanisani Likoni, risasi ilimpitia mama na kukwama kichwani mwa mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mama alifariki. Mtoto alifanyiwa upasuaji Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akapona.

Ufanye nini?

Usihukumu kwa ukubwa wa tundu. Tafuta tundu la pili: mgongoni, kwapani, kwenye kinena. Chukua nguo safi, weka juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu zako zote na usiachilie kila dakika kuchungulia. Damu ikiruka kwenye mguu au mkono na haikomi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, pitisha kijiti, zungusha hadi damu ikome, kisha andika saa uliyofunga. Usijaribu kuchokoa risasi. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199.

Kisha hospitali, hata kama anaongea na kucheka. Kuna wanaojificha nyumbani wakihofia kuulizwa fomu ya P3 kwanza. Katiba, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. P3 ni ya ushahidi, inajazwa baadaye. Nguo zenye damu zihifadhi, usizifue. Zitahitajika kesi ikifika kortini.